Kwa Nini Kipozamataza Hapigwi kwa Kombeo

Wakati ninaousimulia, ndege na watu walikuwa bado wanaelewana kwa maneno, na msidhani jambo hilo lilileta mapenzi. Lilileta ugomvi. Mwizi anayekuibia kimya unaweza kumsahau, lakini anayekuibia huku anakujibu, huyo huwezi kumsahau. Mnana alikuwa anatua kwenye mpunga wako, anajaza tumbo, na ukimfukuza anakwambia mwaka huu umepalilia vibaya, punje hazina ladha. Tetere naye alikuwa anauliza utavuna lini, apange safari zake. Ndivyo walivyokuwa.

Bonde la Nyamkale lilikuwa bonde la mpunga tangu hapo. Mto ukifurika unalifunika, ukirudi nyuma unaliachia tope jeusi, na watu wanapanda kwenye tope hilo. Mpunga ulipoanza kukomaa, watu walihama vijijini wakaenda kukaa mashambani. Kila mwenye shamba alijenga dungu, yaani jukwaa refu la miti, na juu yake mtu alikaa kuamia ndege kutoka jua linapochomoza mpaka linapozama. Kazi hiyo waliifanya zaidi wanawake, kwa sababu wanaume walikuwa na kazi nyingine ambazo wanazijua wenyewe. Huko juu ulikuwa na sauti yako, kombeo lako, na rundo la madonge ya udongo mkavu ya kutupia.

Sasa, watu wa Nyamkale walikuwa na sheria yao kuhusu ndege. Ndege mwenye jina aliitwa kwanza. Ulisimama dunguni ukaita, "We mnana, toka hapo!" Akitoka, amesalimika. Asipotoka, ndipo kombeo lilipozungushwa. Lakini ndege asiye na jina hakuitwa, kwa maana utamwitaje? Huyo alipigwa donge moja kwa moja, na akifa hakuna aliyeuliza. Na majina hayakugawiwa ovyo. Kigong'ota alipata lake kwa sababu aligonga miti, na watu wakasikia upi mzima na upi umeoza kabla ya kuujengea nyumba. Ndege aliyekuwa hana kazi kwa mtu yeyote, mtu yeyote hakuhangaika kumpa jina.

Mmoja wa hao wasio na jina alikuwa ndege mdogo wa chini, ukubwa wa ngumi ya mwanamke. Hakurukaruka kwa miguu miwili kama shomoro. Alitembea, mguu huu, mguu ule, kama mtu mwenye shughuli. Kiota alijenga chini kwenye shina la nyasi. Siku hizo alikuwa mweupe, mweupe wa mchele uliokwisha kupepetwa, na weupe huo ndio uliokuwa balaa lake, kwa sababu popote alipokwenda alionekana. Mpunga wenyewe hakuutaka sana. Alipenda panzi na mbegu za magugu. Lakini nani aliwahi kumuuliza anapenda nini? Alionekana shambani, akapigwa. Waliokuwa hawana shabaha walijifunzia kwake.

Katika bonde hilo kulikuwa na mwanamke akiitwa Sikudhani. Mumewe alikufa maji, kiboko alipoupindua mtumbwi wake, na tangu hapo Sikudhani alikuwa na vitu viwili tu vya kushika duniani: shamba la mpunga aliloachiwa, na binti yake Mize, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kung'oka meno ya utoto. Mpunga ulikuwa chakula chao cha mwaka mzima. Ukiliwa na ndege, mwaka mzima unakaa unaangalia milango ya watu. Kwa hiyo Sikudhani alipanda dunguni alfajiri, na Mize alicheza chini kwenye kivuli cha dungu na vidoli vyake vya udongo, wakawa wanapigiana kelele, mama juu, mtoto chini.

Mpunga ulipokuwa umeinamisha vichwa na bado kidogo uvunwe, Mize akapata surua.

Surua ya zamani haikuwa ya mchezo. Nyumba iliyoingiwa na surua haikukanyagwa. Walichukua kuti la mnazi wakalifunga fundo, wakalilaza katikati ya njia ya kwenda kwa mgonjwa, na hakuna mtu aliyelivuka mpaka mgonjwa apone au azikwe. Hawakufanya hivyo kwa ubaya. Kila mmoja alikuwa na watoto wake. Wakamwekea Sikudhani kuti lake njiani, wakampa pole kwa mbali, wakarudi madunguni kwao.

Upele ulitoka ukaisha, homa ikapungua, lakini surua ile ilikuwa imeingia kinywani. Ulimi wa Mize ulikuwa vidonda, ufizi vidonda, koo vidonda. Akaacha kusema. Kisha akaacha kula. Alifunga mdomo kama mtu aliyeapa, akalala chini ya dungu juu ya jamvi, macho wazi, hasemi na mtu. Mtoto wa umri ule hana akiba mwilini. Kila asubuhi Sikudhani alimwinua akamwona amekuwa mwepesi kuliko jana.

Chakula cha mgonjwa wa namna hiyo ni kimoja tu, mataza. Unachukua chenga za mchele, unazichemsha mpaka punje zivunjike kabisa, unavuruga, unatia tui jepesi, unapata uji laini usiohitaji kutafunwa. Lakini mataza yana tabia zake. Yakiwa ya moto yanaunguza vidonda, mtoto anapiga kelele na kesho hakuangalii tena. Ukiyaacha yapoe yenyewe yanafanya utando juu, na chini yanaganda kama ulimbo, mtoto akimeza anakwama. Na kupuliza kwa mdomo ilikuwa haikubaliki. Walisema pumzi ya mtu mzima inarudisha homa. Mataza hupepewa. Unakaa nayo, mkono mmoja unapepea kwa pepeo la ukindu, mkono mwingine unakoroga, taratibu, mpaka yafikie joto la mdomo wa mtoto, na ukiacha katikati umeharibu.

Hapo ndipo Sikudhani alipofungwa. Akikaa chini kupepea, ndege wanashuka shambani kama mvua. Akisikia kelele zao anatupa pepeo, anapanda dunguni, anazungusha kombeo, anapiga ukelele, wanaondoka. Akishuka, mataza yameshaganda. Anayarudisha motoni, anaongeza maji, anaanza upya. Mchele ule ule ulichemshwa mpaka ukasahau kama uliwahi kuwa mchele.

Shamba lililopakana na lake lilikuwa la Bi Somoe, mwanamke mkubwa kwa umri, mjane wa siku nyingi, mwenye mdomo mkali na mkono mkali zaidi. Kwa kombeo hakuwa na mwenzake bonde zima. Alikuwa anapiga kelele kutoka dungu lake.

"Sikudhani! Wako upande wa mashariki huko, wanakula! Umelala?"

"Napoza mataza, Bi Somoe!"

"Mtoto anakula?"

"Hataki!"

"Basi panda juu! Hujaokoa mtoto, hujaokoa mpunga, unapepea tu kama bibi harusi!"

Maneno yake yalikuwa hayo. Lakini huku akisema hivyo, madonge yake yalikuwa yanavuka mpaka na kuangukia upande wa mashariki wa shamba la Sikudhani, mbali kadiri mkono wake ulivyofika, na shamba lake mwenyewe likawa linaliwa pembeni. Wapo watu wa namna hiyo. Ukisikiliza midomo yao utawachukia bure.

Siku moja Sikudhani alikuwa juu, mkono wa kombeo umekufa ganzi, akamwona yule ndege mweupe wa chini amekuja akitembea mpaka mekoni, akasimama karibu na bakuli la mataza alilolitua muda si mrefu. Akainua kombeo. Ndege akamwona.

"Mama, usinipige," akasema. "Nimefuata panzi. Wanapenda majivu."

"Una jina?"

"Sina."

"Basi ondoka kabla sijapata nguvu ya kukupiga," akasema Sikudhani, na kweli hakuwa na nguvu hiyo. Akaketi dunguni, kombeo mapajani.

Ndege hakuondoka. Alilitazama bakuli, akamtazama Mize kwenye jamvi, akalitazama tena bakuli. "Kitu chako kinafanya utando," akasema.

"Nakiona."

"Nikipepea mimi?"

"Utapepea kwa kitu gani, wewe?"

"Nina mabawa," akasema ndege. "Kingine sina."

Msiniulize kwa nini alijitolea. Pengine alikuwa na watoto kiotani akajua mdomo usiofunguka ni kitu gani. Pengine alichoka kupigwa. Hakusema, na mimi sitamsemea. Ninachojua ni kwamba aliruka akasimama hewani juu ya bakuli, palepale, na kuyapigapiga mabawa yake upesi upesi, mpaka uso wa mataza ukawa unatetemeka na utando haukupata nafasi ya kukaa. Moshi wa meko ulimpiga ubavuni, mvuke wa mataza ukampiga tumboni. Hakutoka. Sikudhani alifukuza ndege wa mashariki, akafukuza wa magharibi, akashuka, akachovya kidole. Yalikuwa na joto la mdomo wa mtoto hasa.

Akamwinua Mize, akaleta kijiko cha kifuu mdomoni. Mize akafunga mdomo.

"Yamepoa, mwanangu. Jaribu. Kidogo tu."

Mdomo ukazidi kufungwa, na machozi yakamtoka mtoto bila sauti. Alikuwa ameshaunguzwa mara nyingi, na mtoto aliyeunguzwa haamini neno la kupoa, hata likisemwa na mama yake.

Wakati huo ndege naye alikuwa amelowa mvuke, manyoya yamegandamana, pumzi imembana. Akafyatuka kwenda juu kutafuta hewa. Alipanda moja kwa moja, juu ya dungu, juu ya minazi, akawa doa tu, na huko juu akayapiga mabawa yake kwa pamoja kuyakausha, prrrr, prrrr, kama mtu anayekung'uta mkeka. Mize akasikia. Akageuza macho kumtafuta angani, akamwona, shingo ikanyooka nyuma, na kama watoto wote wanavyofanya wakiangalia kitu cha juu sana, mdomo ukafunguka wenyewe.

Sikudhani hakuwa mpumbavu. Aliingiza kijiko.

Mize akashtuka, akameza, akamtazama mama yake kama aliyedhulumiwa. Lakini hakuwa ameungua. Ndege akashuka kama jiwe, akasimama tena juu ya bakuli, akapepea. Mtoto akafunga mdomo. Ndege akapanda tena angani, prrrr. Mdomo ukafunguka. Kijiko kikaingia. Ndivyo walivyolisha, wawili hao, mmoja na mabawa na mmoja na kifuu, na jua lilipoinama Mize alikuwa amekula nusu bakuli, na mpunga ulikuwa bado umesimama kwa sehemu kubwa.

Ikawa ndiyo kazi yao ya kila siku. Ndege wengine hawakumwacha na raha. "Mtumishi wa watu huyo!" mnana walimpigia kelele kutoka kwenye matete. "Anawapepea wanaompiga! Ukimaliza utwange na mchele!" Hakuwajibu, pumzi ya kujibu hakuwa nayo. Na weupe wake ukawa unaondoka. Moshi ulimtia weusi mgongoni, mvuke wa mataza ukamtia ukahawia kifuani na kwenye mabawa, mpaka akafanana na ukoko uliong'olewa chini ya sufuria. Mize alikuwa bado hasemi, lakini alianza kumtazama kwa kumngoja, na hiyo ilikuwa zaidi ya alivyomtazama mtu yeyote.

Basi siku moja Bi Somoe akiwa dunguni kwake alitazama upande wa jirani. Kwa mbali akaona ndege, kahawia, hamjui, amesimama hewani juu ya bakuli la mtoto mgonjwa. Mwizi wa mpunga alikuwa amemzoea. Mwizi wa chakula cha mtoto asiyekula, huyo alimchoma moyo. Akachagua donge gumu, akazungusha kombeo, na kama nilivyowaambia, hakuwa na mwenzake.

Donge lilimpata ndege kwenye bawa. Akaanguka kando ya jamvi, akajizungusha mara moja kwenye vumbi, akatulia.

"Nimekuangushia mwizi!" Bi Somoe akapiga kelele, amefurahi. "Alikuwa mpaka bakulini, mshenzi huyo!"

Sikudhani alikuwa amepiga magoti, kijiko mkononi. Alimtazama ndege, akamtazama Mize. Mtoto alikuwa amefunga mdomo. Na safari hii hakufunga mdomo peke yake, alifunga na macho, akageukia mguu wa dungu, akawapa mgongo wote.

"Bi Somoe," Sikudhani akalia, "umeniulia mtoto!"

Yule mwanamke mzee alishuka dunguni kwake, na kwa miaka yake alishuka haraka kuliko ilivyomfaa. Akaja na njia akihema, akafika kwenye kuti lenye fundo, akasimama.

"Nimepiga ndege. Sikupiga mtu."

"Huyo ni yule mweupe wa chini, moshi umemgeuza rangi! Ndiye anayemlisha! Bila yeye hafungui mdomo!"

"Sasa mimi ningejuaje? Ana jina?"

"Hana."

"Basi nimefuata sheria," akasema Bi Somoe. Lakini sauti yake ilikuwa imepungua. Alisimama hapo, hawezi kuvuka, hawezi kurudi, kombeo linaning'inia mkononi kama kitu alichookota. Mwisho akakaa chini kwenye vumbi, upande wake wa kuti.

Huko shambani mnana waliona madungu mawili hayana mtu. Wakashuka. Hakuna mwanamke aliyeinuka kuwafukuza.

Ndege hakuwa amekufa. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufunga, bila sauti. Mize aliisikia ile pumzi ndogo karibu na mgongo wake, akageuka. Alimtazama kwa muda. Kisha akanyoosha mkono uliokonda, akamchukua, akamlaza tumboni mwake mwenyewe.

Bakuli lilikuwa karibu. Mataza yalikuwa bado ya moto, kwa sababu mpozaji alikuwa amelala. Mize alichovya kidole, akakitoa haraka, akakitazama. Kile kidole hakukipeleka kwa ndege. Alikipeleka kwenye midomo yake kwanza, akagusa, akakunja uso kwa maumivu. Yalikuwa yanaunguza. Akaweka mkono wake juu ya bakuli akaupeperusha, upesi upesi, vile alivyoona mabawa yakifanya. Akachovya tena. Safari hii aliweka kwenye ulimi, akasikiliza, akameza. Yalikuwa na nafuu. Ndipo alipochovya tena na kuuweka ule uji kwenye mdomo wa ndege.

Ndege akanywa.

Sikudhani alitaka kusogea. Kutoka njiani Bi Somoe akamkemea kwa sauti ya chini: "Kaa hapohapo! Usimguse, usimsemeshe, ikiwezekana usipumue!"

Mize akapepea. Akaonja. Akampa ndege. Akapepea, akaonja, akampa ndege. Hakuwa na njia ya kujua kama mataza yamepoa ila kuyaonja, na hakukubali mgonjwa wake aunguzwe, kwa sababu kuunguzwa alikujua. Ndege ni tumbo dogo. Akashiba mapema, akageuza kichwa. Mtoto alimsubiri, akaonja, akamjaribu tena, akaonja. Mdomo uliokuwa haufunguki kwa mama wala kwa maombi ulikuwa unafunguka na kufunga wenyewe, kwa kazi, mpaka kidole kikakwaruza udongo wa chini ya bakuli.

Bi Somoe alijipangusa uso kwa upande wa kombeo. Kisha akaita, si kwa Sikudhani bali kwa mtoto, kwa sauti ambayo bondeni hawakuwahi kumsikia nayo.

"Mjukuu wangu. Huyo ndege wako anaitwaje? Niambie, nisije nikakosea tena. Mimi nisipotajiwa jina napiga, unanijua."

Mize alimtazama. Alimtazama ndege aliyelala tumboni mwake, kahawia, amekunja bawa moja vibaya. Koo lake lilikuwa halijatoa neno tangu surua iingie, na neno lilipotoka lilikwaruza kama mlango wa zamani.

"Kipozamataza," akasema.

Sikudhani alikaa chini bila kuchagua pa kukaa.

"Kipo—nini?" Bi Somoe akauliza, ingawa alisikia vizuri sana. Alitaka tu asikie tena.

"Kipozamataza," Mize akarudia, na safari hii kwa ukali kidogo, kama mtu anayechoshwa na wazee wasiosikia.

"Jina refu hilo, kwa kitu chenyewe kinaingia kikombeni," akasema Bi Somoe. Akainuka, akajikung'uta vumbi, akarudi na njia. Alipanda dungu lake akasimama wima na kuita kwa nguvu zake zote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka: "Yule mdogo wa chini, anayetembea! Aliyekuwa mweupe! Ana jina! Anaitwa Kipozamataza! Atakayempiga bila kumwita, atanijua!" Dungu la pili likalipokea, likalirusha kwa la tatu, na jina likaenda hivyo, dungu kwa dungu, mpaka lilipofika mtoni ambako hakuna tena madungu.

Msitegemee niwaambie kuwa mpunga wote ulisalimika. Upande wa mashariki uliliwa mpaka mabua, na mwaka ule Sikudhani na Bi Somoe walipika chungu kimoja ili viwili visikose. Bawa la ndege lilipona, likabaki na mkunjo. Kuti liliondolewa njiani. Mize alirudi kusema, na akasema sana. Alikua akawa mwanamke mwenye mdomo, na wakorofi wa bondeni walimwogopa. Baadaye ndege walinyang'anywa lugha ya watu kwa sababu ya vinywa vya mnana, na hakuna aliyesikitika.

Na tangu siku hiyo kipozamataza amebaki na rangi ya ukoko, wala hajarudi kuwa mweupe. Hukaa chini, hutembea badala ya kurukaruka, na akipanda angani hupanda moja kwa moja, akifika juu huyapiga mabawa yake, prrrr, akanyamaza, prrrr, kisha akajiachia kushuka kama jiwe. Anayeamia ndege hampigi. Humwita jina lake, akaelekeza kombeo kwingine.

Nimesikia Waingereza nao wana jina lao la ndege huyu, fupi, na kwamba jina hilohilo wanalitumia kwa mzaha na utani wa watu wanaojifurahisha. Siwalaumu. Walimwona akipanda na kushuka, akipanda na kushuka, wakadhani anacheza. Hawakutazama chini kuona nani alikuwa na njaa.

Wanawake wa bondeni hawajakosea. Mtoto akikataa kula, mama hamfinyi wala hambembelezi. Hubeba bakuli, akamtoa mtoto nje mpaka ukingoni mwa shamba, akaketi naye. Hasemi kitu. Anatayarisha kijiko, anasikiliza juu, anangoja mdomo ufunguke.